Februari, Machi, Agosti: Chanjo ya Homa ya Ini kwa Watoto na Vijana Wetu

Hotuba ya muuguzi kwa wazazi na wanafunzi wa shule moja katika Kaunti ya Bungoma, mapema Februari

Mulembe wazazi. Mulembe walimu. Mheshimiwa chifu, mwenyekiti wa bodi, wazee mlioketi mbele, akina kukhu mliokuja na wajukuu mgongoni, hamjambo. Na nyinyi vijana mliosimama karibu na mlango, tayari kutoroka: leo mazungumzo ni yenu, sogeeni. Mwalimu mkuu amenipa nusu saa kabla hajaingia kwenye habari za karo. Namshukuru kwa kunitanguliza, maana baada ya karo hakuna anayebaki na masikio ya kumsikiliza muuguzi.

Mwaka huu ni wa shufwa, mwaka wa tohara kwetu. Hapa Bungoma sina haja ya kueleza maana yake. Kuna wavulana hapa walioshaanza kuuliza chinyimba, zile kengele za tohara, za kaka zao ziliwekwa wapi, na kuna baba wanaohesabu ng'ombe kimyakimya. Agosti ikifika, kutoka Kimilili hadi Chwele hakutalalika kwa nyimbo. Sijaja kuipinga embalu, tohara yetu ya wavulana. Ndugu zangu wote walisimama uani, na kelele za usiku ule nilipiga pamoja na wengine. Nimekuja na kalenda tu.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa kijana ambaye hakuipata utotoni, hutolewa mara tatu. Dozi ya kwanza siku anayoanza. Ya pili baada ya mwezi mmoja. Ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Sasa hesabuni wenyewe kwa vidole: Februari, Machi, Agosti. Kijana akianza juma hili, dozi ya tatu anaipata mwanzoni mwa Agosti, kabla ya siku yake. Mzazi atakayekumbuka Julai, mtoto wake atafika mbele ya kisu akiwa na dozi moja au mbili tu, na hizo si kinga ya kutegemea. Ndiyo maana nimemsumbua mwalimu mkuu anipe nafasi leo na si mkutano wa muhula wa pili.

Homa ya ini aina ya B ni ugonjwa wa virusi. Vinakaa kwenye damu na majimaji mengine ya mwili, na vinaumiza ini. Msiuchanganye na homa ya manjano, ile inayoletwa na mbu. Hiyo ina chanjo yake. Na wala si laana. Nasema hivyo kwa sababu katika kazi yangu nimeona familia ambamo mama anakufa tumbo likiwa limejaa maji, miaka inapita, kijana wake mkubwa anafuata kwa ugonjwa uleule, na kijiji kinaanza kuangaliana nani mchawi. Mama alikuwa na virusi bila kujua. Alimpa mwanawe siku ya kumzaa. Basi. Hakuna mtu aliyezika kitu kwenye boma la mtu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na milioni 1.1 walikufa mwaka huohuo, wengi wao kwa ini kusinyaa na kuwa gumu au kwa saratani ya ini. Katika kila watu 100 walio nao, ni kama 13 tu waliokuwa wamepimwa wakajua. Wengine wote wanalima, wanaendesha boda, wanafundisha, wanazaa, hawana habari. Ugonjwa huu hauumi mapema. Mtu anaweza kuishi nao miaka 30 akiwa na nguvu zake zote, halafu siku moja macho yanageuka rangi, na tukimpima tunakuta ini halina pa kushikilia tena.

Sasa nataka mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo ratiba nzima inapotoka. Tumezoea kusema mtoto ana damu changa, atapona haraka. Kwa ugonjwa huu ni kinyume kabisa. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili unapigana na kuvifukuza virusi. Kwa watu wazima 100, wanaobaki navyo maisha yao yote hawafiki 5. Mtoto akiambukizwa kabla ya shule, kati ya mwaka mmoja na mitano, watakaobaki navyo ni kama 30 hadi 50 katika kila 100. Mtoto mchanga aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa, wanaobaki navyo ni 90 au zaidi katika 100. Mwili wa mtoto mchanga haujajua bado adui ni nani. Unamkaribisha, unampa kiti, na mgeni hatoki tena.

Kwa hiyo ukisikia ratiba inasema wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, usidhani kuna mtu ofisini Nairobi aliyechagua namba anazozipenda. Tunakimbizana na umri. Kila mwezi mtoto anaokaa bila kinga ni mwezi katika ule wakati ambao virusi vikimpata havimwachi.

Hapa Kenya chanjo hii imo ndani ya sindano moja tunayoiita penta, tangu mwishoni mwa mwaka 2001. Sindano moja, magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na bakteria wa Hib ambao huleta homa ya uti wa mgongo na nimonia kwa wadogo. Mama wanaifahamu, ni ile ya paja la kushoto. Ile ya kulia siku hiyohiyo ni ya nimokoko, bakteria wengine wa nimonia. Na hapa nisahihishe jambo ambalo nalisikia kila juma. Namuuliza mzazi, mtoto alichanjwa? Ananikunjia shati la mtoto na kunionyesha kovu kwenye mkono wa kushoto. Lile kovu ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Penta haiachi kovu. Unaweza kuwa na kovu zuri kabisa na usiwe na hata tone moja la chanjo ya homa ya ini. Ushahidi wa penta ni maandishi kwenye kitabu cha mama na mtoto, basi.

Dozi zinapotea wapi? Wengi huja wiki ya 6. Mtoto bado mdogo, mama bado yuko nyumbani, kukhu yupo wa kumsindikiza. Wiki ya 10 inakuta mvua imeanza, shamba linangoja mbegu, barabara imekuwa tope na boda amepandisha nauli. Wiki ya 14 mtoto alipata homa kidogo baada ya sindano iliyopita, na baba amesema kwani lazima? Hapo kitabu kinapanda juu ya kabati. Nimevikuta vitabu vingi vya namna hiyo: ukurasa wa chanjo una tarehe mbili halafu mistari mitupu hadi mwisho. Mahindi hayapaliliwi mara mbili kwa siku moja, na hakuna anayepalilia mara moja akajiita amemaliza. Dozi nazo zina nafasi zake. Ya kwanza inaufundisha mwili, ya pili inaukumbusha, ya tatu ndiyo inayofanya kinga ikae miaka. Mtoto aliyepata zote tatu, zaidi ya 95 katika kila 100 wanakingwa, na kinga hiyo hukaa angalau miaka 20, pengine maisha yote. Hakuna haja ya kurudia kila mara.

Homa kidogo, paja kuvimba, mtoto kulia usiku mmoja: hayo ni ya kawaida na hupita kwa siku moja au mbili. Mkiona kitu kikubwa zaidi ya hapo, leteni mtoto, hata usiku.

Niongeze neno kuhusu sisi wauguzi, maana si haki niwaseme wazazi peke yao. Kuna mama anafika Jumanne anaambiwa rudi Alhamisi, watoto wawe wengi ndipo tufungue chupa. Kwa BCG na kwa surua tuna sababu: chupa ikishafunguliwa inafaa saa 6 tu, kisha inatupwa. Kwa penta hatuna sababu hiyo. Chupa yake ikitunzwa vizuri kwenye baridi inaweza kutumika hadi siku 28. Kwa hiyo mama akija na mtoto wa penta, hata awe peke yake, achanjwe. Mkirudishwa, ulizeni kwa heshima, "Sista, penta nayo?" Atakayekasirika mwacheni akasirike. Swali ni halali.

Kwa upande mwingine, mkiambiwa friji imeharibika rudini kesho, rudini bila kunung'unika. Chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Na watu hudhani joto ndilo adui peke yake. Penta ikiganda barafu imekufa, hata ikiyeyuka tena. Ni afadhali urudi kesho kuliko mtoto adungwe maji.

Kuna kundi moja la watoto linaloninyima amani. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti tuligoma karibu miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba. Sitauombea radhi mgomo ule, tulikuwa na madai yetu. Lakini mtoto aliyezaliwa Mei au Juni au Julai mwaka ule alikuta milango ya zahanati imefungwa wiki zake za 6, za 10 na za 14. Waliokuwa na pesa walikwenda kwa wamishenari au kliniki za kulipia. Wengine walingoja, na wengi wa waliongoja hawakurudi tena. Watoto hao sasa wako hapa shuleni, madarasa ya chini. Mzazi mwenye mtoto aliyezaliwa 2017, leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, shusha kitabu. Na waliozaliwa miezi ya mwanzo ya korona, 2020, vilevile. Watu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa.

Turudi kwa vijana. Kwa nini nawasumbua kuhusu Agosti? Kwa sababu virusi hivi vinaishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, vikiwa na uwezo wa kuambukiza. Kwenye wembe. Kwenye kisu. Kwenye doa la damu lililokauka ambalo hulioni kwa macho. Vinaambukiza kwa urahisi mara 50 hadi 100 kuliko virusi vya Ukimwi. Tulipouogopa Ukimwi, tulianza kuuliza maswali kuhusu visu, na nawapongeza wakhebi, watahiri wetu, wengi wao ambao siku hizi huja na kisu cha kila mtoto. Lakini nimesikia pia habari za asubuhi moja yenye boma saba, na kisu kinachofutwa kwa kitambaa kati ya boma na boma. Kufuta si kutakasa. Wazee, naomba mlisimamie hili nyinyi, kwa sababu mkhebi atamsikiliza kuka, yaani babu, kabla hajanisikiliza mimi: kisu kimoja, mtoto mmoja. Anayetaka kumpeleka mwanawe hospitalini asubuhi ile baada ya nyimbo, asichekwe. Na apate chanjo hata hivyo, kwa sababu kisu cha Agosti ni siku moja tu, na maisha ya kijana yana nyembe nyingi.

Wasichana msicheke, zamu yenu imefika. Sindano moja ya kutoga masikio ya marafiki watano bwenini. Wembe mmoja wa kunyoa nyusi. Kikata kucha. Mswaki wa kuazimana. Mashine ya kinyozi inayokwangua kichwa chenye kidonda kisha inahamia kichwa kingine. Na kwa kuwa mchungaji amechelewa kufika, niseme upesi: ugonjwa huu huambukizwa pia kwa tendo la ndoa, hata pale ambapo ndoa yenyewe haipo. Kwa umri wenu ni afadhali mlisikie kutoka kwangu.

Lakini hauambukizwi kwa kula sahani moja, kwa kusalimiana, kwa kukohoa, wala kwa kukaa dawati moja. Mkisikia mwenzenu anao, msimkimbie. Mama mwenye ugonjwa huu ananyonyesha mtoto wake bila shida.

Mzazi mmoja ameniambia amesoma kwenye simu kwamba vijana wa Marekani hupewa dozi mbili tu. Ni kweli kwa sehemu. Wana chanjo moja ambayo vijana wa miaka 11 hadi 15 wanaweza kupewa kwa dozi mbili za nguvu ya mtu mzima, zikiachana kwa miezi 4 hadi 6. Ni chanjo hiyo moja na umri huo tu. Hapa kwetu pangeni kwa dozi tatu, msijipunguzie.

Uvumi nao upo. Nimeambiwa chanjo inaleta ugonjwa wenyewe, nimeambiwa inafunga uzazi. Chanjo hii haina virusi ndani yake, hai wala vilivyokufa. Ina kipande cha ganda la nje la virusi tu, kinachotengenezwa kwa kutumia hamira, na kipande peke yake hakiwezi kumwambukiza mtu. Kuhusu uzazi, watoto wa kwanza kupata penta hapa Kenya walizaliwa 2001. Sasa wao ndio wazazi, na wanatuletea watoto kliniki kila juma.

Niwape mfano mmoja wa mbali, kwa sababu watu hupenda kujua jambo limefanyika kweli. Kisiwa cha Taiwan kilikuwa na ugonjwa huu nyumba hadi nyumba. Walianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984. Baada ya miaka kama kumi walihesabu saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14, wakakuta imeshuka kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000. Nusu. Ndiyo chanjo ya kwanza duniani iliyoonyesha kwamba saratani inaweza kuzuiwa kwa sindano.

Taiwan walianzia siku ya kuzaliwa, na hata Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Ratiba niliyoifanyia kazi mimi huanzia wiki ya 6. Hizo wiki za katikati ni pengo, na natamani lizibwe. Kwa sasa, mama mjamzito, ukipimwa Ukimwi na kaswende kliniki, omba upimwe na homa ya ini B. Ikionekana unayo, usizalie nyumbani. Nenda hospitali kubwa, waambie mapema, ili mtoto apate chanjo siku ileile, na wewe waangalie kama unahitaji dawa za kupunguza virusi kabla ya kujifungua.

Nilipofika hapo, mwenyekiti alifungua nafasi ya maswali. Nayaandika yaliyokuja kwa sababu yalikuwa mazuri kuliko hotuba.

Baba mmoja aliuliza: kijana wake alipata dozi moja ya hospitali ya kulipia mwaka juzi, akaacha. Aanze upya? Hapana, baba. Dozi haiozi mwilini. Unaendelea ulipoachia: ya pili sasa, na ya tatu isipungue wiki 8 baada ya ya pili. Kuchelewa kunakunyima kinga kwa muda, lakini hakufuti ulichopata. Hata kwa mtoto mchanga ni hivyo. Mama aliyekosa wiki ya 10 aje wiki ya 15 au ya 20, asiogope kugombezwa.

Kukhu mmoja akasimama. Mjukuu yuko gredi ya saba, mama yake yuko Nairobi, kitabu hakijulikani kilipo. Nikamwambia, kukhu, zahanati aliyochanjiwa ina rejista, tutamtafuta kwa jina na mwaka. Tukimkosa, tutamhesabu kwamba hajachanjwa. Dozi ya ziada haimdhuru. Kukosa dozi ndiko kunakomdhuru.

Kijana wa gredi ya tisa, na nilimpenda kwa ujasiri, aliuliza: na kama tayari ninayo? Tunakupima kwanza, tone la damu kidoleni, majibu kwa dakika chache. Ukiwa nayo chanjo haitakusaidia, lakini kujua kutakusaidia: utafuatiliwa, dawa zipo za kuvizuia virusi visile ini, na ndugu zako watapimwa. Alitaka kujua kama majibu yatasomwa mbele ya darasa. Hayasomwi. Ni yako na mzazi wako.

La mwisho lilikuwa la pesa, nililokuwa nalingoja. Penta kwa watoto wadogo ni bure katika vituo vya serikali. Lakini penta si ya vijana. Kijana wa miaka 12 au 15 anahitaji chanjo ya homa ya ini peke yake, na hiyo mara nyingi hulipiwa, na si kila zahanati inayo. Nimeiomba bodi ikusanye majina kupitia walimu wa madarasa: jina, tarehe ya kuzaliwa, kitabu kipo au hakipo, dozi ngapi. Tukiwa na orodha moja ya shule nzima tunaweza kuipeleka hospitali ya kaunti na kuomba chanjo kwa pamoja, na mazungumzo ya bei yatakuwa mengine kabisa kuliko kila mzazi akienda peke yake. Mwenyekiti amesema orodha itakuwa tayari Ijumaa. Nimemwomba iwe Jumatano.